Maswali ya Wasomaji: Buti za Kauboi Badala ya Viatu vya Kamba

Swali: Salaam wahariri. Nafanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Malindi, nasimama kwa saa 9 kila siku. Viatu vyangu vyeusi vya kamba vinanitesa. Ikifika jioni kidole kidogo kinawaka moto. Mtumbani nimeona buti za kauboi, nyeusi tupu, na meneja hana neno nazo. Nitazijuaje zilizo imara na zisizoumiza? *Msomaji, Malindi*

Jibu: Ndugu yetu, anza na mgongo wa mguu. Buti ya kauboi haina kamba wala zipu, kwa hiyo kinachoishikilia ni ngozi inayopita pale pale unapofunga kamba sasa. Pakilegea, mguu utateleza mbele kila hatua na vidole vitagonga ncha. Pakibana mno, mguu utakufa ganzi kabla ya adhuhuri. Buti iliyokukaa utaisikia ukiivaa: mguu hukwama kidogo shingoni, kisha kisigino huzama ghafla mahali pake, pup!

Halafu simama wima. Sehemu pana ya mguu wako, kwenye kifundo cha kidole gumba, ikae juu ya sehemu pana ya soli. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi, na uvae soksi ndefu kama utakazovaa kazini. Kisigino kikipanda kama nusu sentimita buti ikiwa mpya, usiogope. Soli bado ngumu, ikishaanza kukunjika kitatulia. Wengi huponzwa hapa: huchukua namba ndogo ili kisigino kisicheze, wakarudi kwenye maumivu yaleyale.

Na hizo namba zisome vizuri. Viatu vingi vya hapa kwetu vina namba za Uingereza, ila buti nyingi za aina hii zimepigwa za Marekani, ambazo kwa wanaume huzidi kwa takriban moja: mwenye 8 ajaribu 9. Herufi inayofuata namba ni upana. D ni wa kawaida kwa mwanamume, EE ni mpana. Kidole kidogo kinachowaka mara nyingi kinadai upana, wala si urefu, na hatudhani namba kubwa zaidi itakuponya. Ncha kali isikutishe. Ikiwa imerefushwa vya kutosha, vidole huishia kabla haijaanza kuwa nyembamba. Hata hivyo kwa kusimama kutwa tungekuchagulia ncha ya mviringo na kisigino kifupi kilichonyooka, sentimita 3 hadi 4. Kile kirefu kilichoingia ndani kwa chini kilitengenezwa kikae kwenye kikuku cha tandiko la farasi, si kwenye marumaru.

Sasa uimara. Pindua buti uitazame chini. Iliyoshonwa kweli ina ukanda wa ngozi uliozunguka ukingo wa soli, na uzi unaoonekana juu ya ukanda huo unashuka hadi chini: utauona, au utaona mfereji mwembamba uliouficha. Zipo zenye ukanda wa plastiki uliobandikwa kwa gundi, na ule uzi ni pambo tu. Soli ikiachia, fundi hana pa kushonea. Katikati ya soli, kati ya kisigino na sehemu pana, buti nzuri huwa na vidoti vidogo vya mbao vilivyopangwa safu. Hivyo ni vijiti vilivyogongewa badala ya misumari. Mbao huvimba na kunywea pamoja na ngozi, wala haipati kutu, na wewe unaijua hewa ya chumvi ya Malindi inavyokula chuma.

Kisha ishike ncha na kisigino, uikunje. Ikunjike karibu na vidole. Ikivunjika katikati, haina kipande cha chuma cha kubeba uvungu wa unyayo, au kimekatika. Iache hata kama bei ni ya kutupa. Kwenye mtumba bonyeza pia soli kwa ukucha. Soli za povu la plastiki zilizokaa miaka zikinywa unyevu humomonyoka kama mkate mkavu, hata kama buti haijavaliwa. Ngozi iliyopasuka kwenye mikunjo nayo haina dawa.

Soli ya ngozi huteleza kwenye marumaru. Mpe fundi abandike raba nyembamba ya milimita 2 nusu ya mbele. Ngozi iwe kavu na ikwaruzwe, gundi ipakwe pande zote mbili na iachwe hadi isishike kidole, ndipo zikutanishwe. Akiharakisha, raba itabanduka mvua ya kwanza.

Kama unaingia msikitini mara kadhaa kwa siku, tafuta zenye shingo fupi, na ukaushe miguu vizuri baada ya udhu: soksi mbichi hunata, buti haivuliki, na ngozi ya ndani huoza. Nyumbani chonga kibao cha kuvulia, urefu wa sentimita 30, upande mmoja umekatwa kama V na chini yake kipande cha kuuinua. Uwe na jozi mbili za kupokezana. Jasho lataka siku nzima kukauka.

Swali: Buti zangu ziliingia maji ya bahari nikishuka mashuani Shela. Zimetoa mistari myeupe. Nizipake mafuta ya nazi? *Msomaji, Lamu*

Jibu: Usipake bado, dada. Mafuta yatafunika chumvi ibaki ndani. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, futa kwa kitambaa, kisha rudia kwa maji matupu. Jaza magazeti, uyabadilishe yakilowa, na uzianike kivulini siku 2 au 3. Juani au kando ya jiko ngozi hujikunja na kupasuka. Zikikauka, paka krimu ya ngozi kidogo tu. Mafuta ya nazi huifanya ngozi iwe nyeusi na teketeke. Masika ikija, usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, zitaota kuvu.