Pango la mfuko wa saruji

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: “Nyumbani kwako, mtoto anajifunza imani kwa njia gani?” Naamini wengi watawaandikia habari za sala za jioni na za kumpeleka mtoto Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki. Kwetu navyo vipo, ila nikisema ukweli, kwenye sala za jioni mimi ndiye wa kwanza kusinzia. Ni fundi ujenzi, nikirudi nimechoka. Binti yangu ana miaka 5, na alichojifunza kikubwa mpaka sasa amejifunzia kwenye matope.

Tunaishi Mwanza, mlimani, upande ule ambao nyumba imekaa juu ya jiwe na jiwe limekaa juu ya jiwe jingine. Majilio yaliyopita, yale majuma ya kungoja Noeli, mama yake alitaka tununue pango la Noeli la plastiki, yale ya dukani yenye Maria wa nywele za dhahabu. Bei ilinishinda. Nikajifanya nina hoja ya kiroho, nikasema pango tutatengeneza wenyewe, tena pamoja na mtoto.

Mifuko ya saruji siku hizi mingi ni ya nailoni, lakini ya karatasi bado unaipata ukiitafuta saiti. Ina tabaka zaidi ya moja. La ndani limejaa vumbi linalowasha, hilo usimpe mtoto, litupe. Yanayobaki unayakung'uta nje, unayafikicha mkononi mpaka yanalegea kama kitenge cha zamani, kisha unayapaka uji mzito wa unga wa muhogo na kuyaegesha juu ya fito. Yakikauka yanasimama yenyewe na mikunjo yake yote. Rangi ni masizi ya sufuria na chokaa kidogo. Ukilitazama ukiwa umesimama mlangoni, ni jiwe kabisa.

Binti akanitazama nikihangaika, akaenda mlangoni, akachungulia nje, akarudi.

“Baba, kwa nini tunatengeneza jiwe?”

Sikuwa na jibu. Mlango wetu wa uani ukiufungua wote unagonga jiwe. Nikamwambia la nje ni zito, haliingii ndani. Akasema basi Yesu tumpeleke nje. Mama yake ndiye aliyenisaidia: “Mvua itamnyeshea.” Hapo akakubali, kwa sharti kwamba mawe madogo ya kweli yawepo chini. Akaenda kuyaokota, na pamoja na mawe akaleta habari za mjusi kafiri, yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu anayeota jua pale ukutani. Alitaka awemo pangoni. Nikacheka, nikalitaja jina lake bila kufikiri.

“Kafiri ni nini?”

Nikasema ni mtu asiyeamini. Akaniuliza huyo mjusi ameulizwa lini.

Mjusi aliingia pangoni, wa udongo, amepakwa bluu ya kufulia. Nilichungulia Biblia nione kama nina pa kujitetea. Luka 2 haitaji pango, wala ng'ombe na punda hawamo. Hao, watu huwaokota Isaya 1:3, kwenye ng'ombe amjuaye bwana wake. Kilichomo ni hori na nyumba ya wageni iliyojaa. Nilipomsomea hapo akashangaa sana. “Gesti zote?” Njia tunayopita kwenda kwa shangazi yake ina gesti nne mfululizo, na alizitaja moja baada ya nyingine. Nikasema zote. Akakaa kimya muda, halafu akauliza kwa nini hawakwenda kwa bibi.

Nimesikia mahubiri mengi ya Noeli. Hilo la Yosefu kurudi mji wa ukoo wake na asipate hata shangazi wa kumfungulia mlango halikuwahi kunigusa mpaka siku hiyo, mikono ikiwa na uji wa muhogo mpaka kwenye viwiko.

Udongo tuliutoa bondeni karibu na ziwa. Nilipanga tuanze na Maria na Yosefu. Binti akafinyanga ng'ombe tisa kabla ya mtu yeyote, kila mmoja na nundu yake. Damu ya Kisukuma haifichiki. Nikavianika vyote juu ya bati ili vikauke haraka. Kufika saa nane mchana ng'ombe watano walikuwa wamepasuka na Maria ana ufa toka shingoni. Nikampigia simu mama yangu huko Magu, maana enzi zake alifinyanga vyungu vya kuuza.

“Umeanika juani? Wewe mwanangu nani kakufundisha? Kivulini, na kitambaa kibichi juu. Na udongo mtupu haukai, twanga kigae cha chungu uchanganye.”

Binti akaichukua simu akamsimulia bibi yake habari za gesti. Sijui bibi alijibu nini. Niliona tu mtoto anatikisa kichwa, kama kwamba bibi anamwona.

Jirani yetu ni mlokole, na mwanawe anashinda kwetu. Alikuja kumchukua akakuta mezani kundi zima. “Baba Neema, hizi si sanamu?” Nikamwambia nilichosimuliwa na katekista wetu: Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipofanya pango lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, hakuweka sanamu hata moja. Alileta majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli, watu wakasali hapo. Akanitazama. “Basi na nyie mngeleta ng'ombe.” Amenishinda, sina ubishi. Lakini kondoo wawili waliokuwa mezani walikuwa kazi ya mwanawe, na alipoonyeshwa aliwanyanyua akawageuza, akasema mmoja miguu haijalingana. Mpaka leo hatujakubaliana kuhusu sanamu, na mtoto anaendelea kuja.

Wiki moja kabla ya sikukuu mvua ilinyesha usiku na bati likavuja palepale. Udongo usiochomwa ukilowa unarudi kuwa tope. Asubuhi Yosefu alikuwa amebaki kiuno na miguu. Ng'ombe wote salama. Mimi niliudhika kuliko mtoto, maana Yosefu ndiye niliyemfinyanga mwenyewe. Yeye akanitazama tu: “Baba, wewe si fundi? Mjenge tena.” Yosefu wa pili nilimtia vigae kama bibi alivyoelekeza. Ana mikono mikubwa kuliko kichwa. Mama yake anasema nimejifinyanga mimi.

Mtoto Yesu alikuwa mdogo kama kidole gumba, na kwa vile pango huachwa bila mtoto mpaka mkesha, binti alimtunza kwenye kasha la kiberiti. Alilala nalo chini ya mto. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, kila mama alitolewa kasha lile aonyeshwe, akishaona linafungwa upesi. Hori lilikuwa kasha hilohilo, la ndani likivutwa nje.

Usiku wa mkesha alisinzia misani, nikambeba mgongoni kupanda mlima. Tulipofika aliamka, akadai kasha lake, akamlaza mtoto bila kusema neno. Nikaenda kufunga mlango. Niliporudi alikuwa na mkasi wa mama yake na kipande cha chandarua chetu kilichochanika, anakifunika juu ya hori, anachomeka pembe zake chini ya mawe. Mbu wa Mwanza anawajua.

Baada ya Epifania, sikukuu ya Mamajusi, nilianza kubomoa. Ng'ombe wakahamia dirishani, mjusi akabaki ukutani jirani na yule wa kweli. Nilipotaka kuchana lile pango nikakatazwa.

“Pasaka tutalitumia.”

“Pasaka hakuna pango la Noeli, mama.”

“Si walimweka kwenye pango tena? Tunatoa tu ng'ombe.”

Liko juu ya kabati, limefunikwa kiroba.