Mkanda wa jeshi umepona, mbona mama bado anaungua? Na hiyo sumaku ya kichwani ni kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 68, tuko Tanga. Mwaka jana mwezi wa tisa alipata mkanda wa jeshi upande wa kulia, kuanzia mgongoni kuzunguka mpaka chini ya ziwa. Vidonda vilikauka kama baada ya wiki tatu tukashukuru Mungu, kumbe ndo kwanza. Mpaka leo kanga ikimgusa pale anaruka kama kamwagiwa uji wa moto, usiku halali, hata feni ikipuliza upande ule anasema inachoma. Tumempa panadol, diklofenaki, tumempaka mafuta ya karafuu, hamna kitu. Sasa mdogo wangu yuko Dubai anasema kuna tiba ya kupigwa sumaku kichwani bila kupasuliwa, anataka amkatie mama tiketi. Majirani wanasema anaenda kupigwa shoti kama wagonjwa wa akili. Mimi sielewi, ugonjwa ulikuwa ubavuni, kichwa kinahusikaje? Tumpeleke au tunaliwa hela?

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe mama pole sana, na hilo la kanga na feni umelieleza vizuri kuliko madaktari wengi wanavyoandika kwenye faili.

Mkanda wa jeshi ni kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mama aliugua tetekuwanga utotoni akapona, ila kirusi hakikuondoka, kilijificha kwenye mizizi ya neva pembeni ya uti wa mgongo kikalala miaka na miaka, halafu umri ukasogea kinga ikalegea kikaamka na kushuka na neva moja mpaka kwenye ngozi. Ndo maana unakaa upande mmoja kama mkanda (na yale maneno kwamba ukikutana mbele na nyuma mtu anakufa, yaacheni hukohuko kijiweni). Sasa kikipita kinaiunguza ile neva. Ngozi inapona, neva haijapona. Ni kama waya uliochubuka ndani ya ukuta, taa inawaka na swichi umezima. Maumivu yakipita miezi mitatu tangu upele utoke tunayahesabu kuwa ugonjwa wake peke yake, na wazee ndo yanawapata zaidi. Panadol na diklofenaki ni za mtu aliyeteguka mguu au anayeumwa jino, kwenye waya uliochubuka hazisaidii sana.

Kichwa kinaingiaje? Neva ikipiga kelele miezi yote hiyo, uti wa mgongo na ubongo navyo vinazoea, vinaanza kuikuza sauti vyenyewe, mpaka mguso wa kanga unapokelewa kama moto. Kwahiyo mtu akiweza kuushusha ubongo sauti, maumivu ya ubavuni yanapungua. Mwaka 1991 madaktari wa upasuaji wa Japani wakiongozwa na Tsubokawa walieleza wagonjwa waliowekewa waya za umeme juu ya ile sehemu ya ubongo inayoamrisha viungo vitembee, na maumivu yakashuka. Cha kushangaza ile sehemu kazi yake ni kuamrisha, sio kuhisi, lakini ina njia zake za kwenda kutuliza sehemu zinazopokea maumivu. Shida ni kwamba pale ilibidi kupasua fuvu. Ila Uingereza, mji wa Sheffield, Barker na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1985 kwamba sumaku inaweza kuuamsha ubongo kutoka nje. Baadaye watu wakaunganisha hayo mawili.

Mimi mwenyewe niliwahi kukalia kile kiti kwenye mafunzo. Wanakupa viziba masikio maana mashine inagonga ta-ta-ta kama mtu anapigilia misumari midogo, halafu wanakuwekea kichwani koili, yaani waya uliozungushwa, yenye umbo la namba nane, wanaisogeza kidogokidogo, mara kidole gumba kinaruka chenyewe. Hukukiamrisha wewe. Nilicheka kama mtoto. Hapo wanajua wamepata mahali penyewe na nguvu inayokutosha, kisha wanapunguza kidogo chini ya kiwango hicho ndo wanaanza tiba, kwa kawaida mapigo 10 kwa sekunde kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Kwa mama wataweka kushoto, sababu anaumwa kulia. Hakuna nusu kaputi, hakuna degedege la kuletwa makusudi, unakaa macho unaongea, ukimaliza unavaa viatu unarudi nyumbani. Waambie majirani ile shoti wanayoisema ni kitu kingine kabisa, pale mgonjwa analazwa usingizi na degedege linaletwa kwa makusudi.

Inasaidia? Kwa baadhi, ndiyo. China walijaribu kwa watu 40 wenye maumivu haya haya ya baada ya mkanda wa jeshi, ikachapishwa 2015, vikao 10, waliopata sumaku ya kweli walipungukiwa kuliko waliowekewa ya kuigiza. Ufaransa mwaka 2021 wakatoa kubwa zaidi, wagonjwa 149 wenye maumivu ya neva ya aina mbalimbali, wakafuatiliwa kama miezi sita, na tena sehemu ya kuamrisha viungo ndo ilishinda. Kwahiyo huo sio utapeli.

Lakini soma vizuri neno kupungukiwa. Hawaponi. Kwenye tafiti hizi maumivu yakishuka kwa 30% mtu anahesabiwa kafanikiwa, yaani mama aliyekuwa kwenye 9 akafika 6, analala, ila bado anajua ubavu uko wapi, na wengine hawasikii tofauti yoyote. Na nafuu yenyewe inafifia, wale wa Ufaransa walianza kila siku wakaja kila wiki kisha kila baada ya wiki kadhaa, kuishikilia tu. Sasa mama akikaa Dubai wiki mbili akapata nafuu akarudi Tanga, mwezi wa tatu nani atamwendeleza? Hapo ndo hela inapoliwa, hata kama mashine ni halali. Mdogo wako aulize hilo kabla ya tiketi.

Na kwa kweli kinachoniuma kwenye barua yako ni kwamba dawa zenyewe za neva mama bado hajapewa. Amitriptilini inapatikana kirahisi na bei yake sio ya kutisha, inaanzwa dozi ndogo usiku, mara nyingi miligramu 10, inapandishwa taratibu. Ni dawa ya zamani ya sonona, akiandikiwa msishtuke mkadhani wamemwona chizi. Kuna gabapentini na pregabalini pia. Zote zinataka wiki kadhaa, sio unameza siku tatu unasema haifanyi kazi. Kwa umri wake daktari aangalie kwanza moyo na figo, na mumwangalie anapoamka usiku kwenda chooni maana zinalevya, asianguke. Wapime sukari na VVU kwa utaratibu tu, bila kumtisha, miaka 68 peke yake inatosha kuleta mkanda. Hizo zikishindwa kwa miezi, ndo turudi kwenye sumaku.

Na kama ana betri ya moyo, chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, au amewahi kuwa na kifafa, aseme mapema kabla hajakaa kwenye kile kiti. Degedege kwenye tiba hii ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa elfu, lakini lipo.

SWALI LA PILI, msomaji wa Leicester, Uingereza: Dokta mie naumwa hivyohivyo begani, nimeona mtandaoni kimashine cha betri cha kuvaa kichwani na sponji za maji ya chumvi, naweza kujitibu nyumbani?

JIBU: Hicho ni kitu kingine, kinapitisha umeme mdogo, miliampea 2 hivi kwa dakika 20, na ushahidi wake kwenye maumivu ya neva ni hafifu kuliko wa sumaku. Sponji ikikauka inaunguza ngozi, na ukikosea sentimita chache umeamsha sehemu nyingine. Usijifungie chumbani na betri ndugu yangu. Nenda kwa GP wako, yaani daktari wako wa kawaida wa hapo mtaani, mwambie akutafutie kliniki ya maumivu, na palepale muulizie chanjo ya mkanda wa jeshi kama umri wako unaruhusu, hata aliyewahi kuugua anachanjwa. Haitaondoa maumivu ya sasa, ni ya kuzuia usirudi tena.