Nimepigwa tochi siku 9 kabla ya kumaliza majaribio: je, leseni yangu ni kamili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Ujerumani, na leseni ya gari dogo nilipewa tarehe 14 Machi 2023. Miaka 2 ya majaribio ya dereva mpya ilikuwa iishe Machi 2025. Siku 9 kabla ya kumaliza, nikapigwa tochi mjini, kwenye barabara ya 50. Barua ya faini ya euro 115 imenifikia mwezi wa nne, miaka 2 imeshapita. Je, nimevuka? Na kadi naenda kuibadilisha wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na kadi, maana hilo ni jepesi: hubadilishi chochote. Kipindi cha majaribio, ambacho kwenye barua zao kinaandikwa Probezeit, ni hesabu ya siku tu, inayoanza siku ile uliyopewa leseni. Kikiisha salama hakuna mtihani, hakuna fomu, hakuna foleni. Kadi ni ileile.

Ila wewe bado hujavuka, na nasikitika kukuambia hivyo. Sheria inaangalia siku kosa lilipotendeka. Barua ichelewe itakavyochelewa, kosa lako limetokea ndani ya majaribio na litahesabiwa humo.

Tuitazame hiyo 115. Kwa mwendo usiofika 100, kasi iliyosomwa na mtambo wa tochi hupunguzwa kilomita 3. Faini hiyo mjini ni ya kuzidisha kilomita kati ya 21 na 25, kwa hiyo mtambo ulikusoma 74 au zaidi. Ungesomwa 73, ingebaki 70, yaani umezidisha 20: ungelipa faini, lakini usingepata pointi na majaribio yasingeguswa. Kuanzia 21 kosa linaandikwa kwenye daftari la Flensburg, yaani rejista ya taifa ya makosa ya madereva, kwa pointi 1, na kwa dereva wa majaribio linaingia kundi la makosa makubwa, pamoja na kupita taa nyekundu au kushika simu ukiendesha. Kosa kubwa moja linatosha kurefusha majaribio. Madogo, kama tairi zilizokwisha, mpaka yafike mawili.

Kabla hujalipa, tafuta bahasha. Barua hizi huja kwenye bahasha ya manjano, na mtu wa posta huandika juu yake tarehe aliyoileta. Kuanzia tarehe hiyo una wiki 2 za kuweka pingamizi. Kama aliye kwenye picha si wewe, au namba ya gari imekosewa, andika ndani ya siku hizo. Kama ni wewe kweli, mimi singekushauri upoteze hela kwa wakili.

Hukumu ikishakuwa ya mwisho, itakuja barua nyingine kutoka ofisi ya leseni. Watu wengi huishangaa, wakidhani kulipa faini kumemaliza kesi. Barua hiyo inakuamuru uhudhurie mafunzo yanayoitwa Aufbauseminar, na majaribio yanaongezwa miaka 2. Yako yatafika Machi 2027.

Mafunzo yenyewe yasikutishe. Ni vikao 4 vya dakika 135, kundi la watu 6 hadi 12, ndani ya wiki 2 hadi 4. Kati ya kikao cha kwanza na cha pili mnatoka na gari, kwa kawaida watatu watatu, kila mmoja akiendesha angalau dakika 30 huku wenzake wakimtazama. Hakuna anayefelishwa. Nakuomba uende kwa moyo, kwa sababu kwenye dakika hizo mtu anaambiwa tabia ambazo peke yake asingeziona: anavyoisogelea mno gari ya mbele, au anavyokanyaga mafuta akiona taa ya njano. Usipohudhuria ndani ya muda uliopewa, leseni inachukuliwa.

Ukishahudhuria, kosa kubwa jingine ndani ya majaribio litakuletea onyo la maandishi na ushauri wa kumwona mwanasaikolojia wa usalama barabarani. Baada ya hapo, likitokea tena, wanakunyang'anya leseni.

Pombe ni sifuri mpaka majaribio yaishe, hata bia moja ya jioni. Ukikamatwa nayo, mafunzo yanakuwa ya aina nyingine, chini ya mwanasaikolojia.

Barua ya ofisi ya leseni ikikufikia, jiandikishe kwenye chuo cha udereva wiki hiyohiyo. Darasa halianzi mpaka watimie watu 6, na unaweza kuwasubiri wenzako huku muda wako unayoyoma.