Jina Nililojipa Mwenyewe

Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiita gunia. Katika mikusanyiko ya wanawake hapa Lamu nilikuwa wa kwanza kulitaja jina hilo, kabla wengine hawajapata nafasi ya kunicheka, na wenzangu wakalizoea kiasi cha kuniongezea wali bila kuniuliza. Sikutambua kwamba jina hilo ndilo lililokuwa likinipangia chakula, kwa kuwa aliyekwisha kujiona gunia haoni sababu ya kukataa hamri la tano.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wangu, nililijaribu gauni langu likagoma mabegani. Kwa hasira nikaacha kula mchana, nikawa nashinda kwa chai ya rangi. Lakini usiku, nyumba ikishalala, nilisimama gizani jikoni nikila mahamri baridi na mbaazi za nazi zilizoganda, kana kwamba kinacholiwa wima hakihesabiwi. Asubuhi nilijichukia zaidi, nikajinyima tena. (Huko si kufunga, Ramadhani ina futari, na watu wa kufuturu nao.)

Mama mkubwa ndiye aliyenifuma. "Mwanangu, chakula ni chako, waiba kwa nani?"

Muuguzi niliyemwendea baadaye alinipima kiuno, akapata sentimita 96, ilhali kwa mwanamke hatari ya maradhi huongezeka sana kuanzia 88. Hakunisimanga, aliniuliza tu kuhusu sukari. Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu kila kimoja: kumi na viwili, juisi ya ukwaju bado, na Shirika la Afya Duniani linaona ni bora tusizidishe gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita hivi.

Ushauri wangu ni kuanza na ulimi kabla ya sufuria. Nililiacha lile jina hata kwa mzaha, nikajilazimisha kula nikiwa nimekaa, kwenye sahani, taa ikiwaka. Wali wa nazi sikuuacha, wala simshauri mtu wa pwani auache. Niliupunguza, mchicha na samaki vikapata nafasi. Nilipozoea kujiona mtu anayestahili kutunzwa, hata kutembea hadi Shela jioni hakukuwa tena adhabu.

Majuzi, kwenye harusi nyingine, jirani aliniita kwa jina la zamani huku akininyooshea upawa uliojaa wali. Nilimkumbusha jina alilonipa baba, nikaupokea ule upawa, nikajipakulia mwenyewe.