Ukija kufanya kazi kwenye B-17, njoo na tochi

Ndege ya mabomu aina ya B-17 haikuundwa ili izeeke. Viwanda vya Boeing, Douglas na Vega viliunda jumla ya ndege 12,731, na nyingi zilitoka kiwandani zikaenda Vita vya Pili vya Dunia zikaishia huko huko. Mhandisi aliyechora kiungo cha bawa hakumfikiria fundi wa miaka 80 baadaye atakayetaka kuona nyuma ya kiungo hicho. Alitaka ndege iwe nyepesi, itoke kiwandani haraka, ibebe mabomu, irudi. Kwa hiyo nawaambia wote wanaoanza kwenye karakana yetu: kazi yenu ya kwanza, na pengine kubwa kuliko zote, ni kuona mahali ambapo hakuna aliyekusudia paonekane. Njooni na tochi nzuri, kioo kidogo chenye mpini mrefu, na subira. Spana zipo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu vijana wa nyumbani walio kwenye vyuo vya ufundi wa ndege huniuliza maswali yale yale kila mara, na wenzetu waliopo Marekani nao wanatafuta hanga za ndege za kale wajitolee huku wakihesabu saa za leseni. Mtu aliyewahi kushika DC-3, ndege nyingine ya kale ya injini za pistoni, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, hatashangaa sana. Aliyezoea jeti tu ajiandae kupakaa oili hadi kwenye viwiko.

Tuanze na kutu, maana ndiyo itakayokula muda wako. Wengi huja wakiamini alumini haishiki kutu. Inashika. Kutu yake ni nyeupe, ya unga unga, na mara nyingi huanza kwa malengelenge madogo chini ya rangi ambayo mgeni huyapita akidhani ni uchafu. Pitisha kidole. Ukihisi uvimbe, weka alama kwa kalamu inayofutika, usikwangue kwanza. Na usitumie penseli ya kawaida kwenye bati la ndege: risasi yake ni kaboni, na kaboni ikikaa juu ya alumini penye unyevu inaanzisha kutu mpya pale pale ulipochora.

Bawa la B-17 lina tabia yake. Mihimili ya ndani ni mabomba yaliyoungwa kama kenchi za paa, na chini ya bati laini la nje kuna bati jingine la migongo, yamepigiliwa pamoja kwa ribiti, yaani vipini vifupi vya kuungia bati. Ujenzi huu ndio uliowafanya watu waseme ndege hii inarudi nyumbani hata ikiwa imetobolewa kila mahali. Kwetu mafundi ni mtihani, kwa kuwa kila mgongo ni mfereji, na maji yakiingia kwenye mfereji hayana haraka ya kutoka. Nje bati linang'aa, wageni wanapiga picha, ndani linaliwa.

Ndiyo maana kabla ya kuwasha hiyo tochi unatakiwa kusoma. B-17 nyingi zilizobaki zilibaki kwa sababu baada ya vita zilipewa kazi za kiraia. Baadhi zilimwaga kemikali kwenye moto wa misitu, nyingine zilinyunyiza dawa mashambani, nyingine zilibeba mizigo. Kemikali ya kuzima moto ikichuruzika ndani ya mwili wa ndege kwa miaka, haiachi salama viungo vya tumboni na mizizi ya mabawa. Kwa hiyo daftari la ndege la miaka ya 1950 na 1960 linakwambia wapi pa kumulika kwanza. Kijana anayesoma karatasi hizo siku nzima bila kushika chombo hajapoteza siku. Sijui kwa nini vyuo havifundishi hili kwa uzito wake.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka mwaka 2023. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza B-17 zikaguliwe viungo vinavyoshikilia mabawa kabla ya kuruka tena, baada ya ripoti za hitilafu kwenye viungo hivyo. Ukaguzi wa namna hiyo hauishii kwenye macho. Vipande vya chuma hukaguliwa kwa unga wa sumaku unaojipanga penye ufa, alumini hukaguliwa kwa mkondo wa umeme unaobadilika ukipita juu ya ufa usioonekana. Mtu anayeendesha vifaa hivyo ana cheti chake maalumu. Kazi yako wewe mgeni ni kumsafishia mahali pawe peupe kabisa, bila rangi, bila grisi, bila mikwaruzo mipya. Mkwaruzo mpya unaweza kumpotezea mtaalamu nusu siku akiufukuza kama ufa.

Kabla sijasahau, sumu. Hili nalisema kwa ukali hata kwa wazee wastaafu wanaokuja kujitolea. Ile praima (rangi ya kwanza ya kukinga kutu) ya kijani-njano unayoiona ndani ya ndege ina kromati, na vumbi lake ni chanzo cha saratani. Haipigwi msasa mkavu, haipulizwi kwa hewa, na haishughulikiwi bila barakoa inayofaa na glavu. Saa na vipimo vya zamani vinavyong'aa gizani vilipakwa rangi yenye radiamu. Hata kama vimeacha kung'aa, mionzi bado ipo, kilichochoka ni ile rangi. Usifungue kioo chake, usikikune, usikipeleke nyumbani kama kumbukumbu. Petroli ya ndege ina madini ya risasi, basi nawa mikono kabla ya chai. Mtu asiyejali haya simtaki kwenye zamu yangu, hata awe na mkono mzuri namna gani.

Ribiti utajifunza kwa kupigilia kwenye vipande vya kutupa, tena vingi. Kazi ni ya watu wawili: mmoja ana bunduki ya hewa ya kupigilia nje, mwingine yuko ndani ameshika chuma kizito kinachoibana ribiti ifutuke. Mara nyingi hamuonani, na kelele hairuhusu maneno, hivyo mnazungumza kwa kugonga bati. Kila karakana ina ishara zake, ziulize kabla hamjaanza, zisije zikakuchanganya za ulikotoka. Kuna ribiti za aloi ngumu zinazotunzwa kwenye friza baada ya kupashwa moto, kwa sababu zikikaa kwenye joto la kawaida hukakamaa zenyewe. Ukizitoa una dakika chache tu za kuzipigilia, kwa hiyo usitoe mkono mzima ukaenda kuongea na simu.

Na kuna hesabu moja ya kukariri: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, umbali usipungue mara 2 za kipenyo cha ribiti. Kila ukitoa ribiti ya zamani vibaya tundu linapanuka, unaweka kubwa zaidi, na ukingo unakaribia. Kuna sehemu za ndege hii zimeshabadilishwa ribiti na vizazi vitatu vya mafundi. Hapo hakuna tena nafasi ya kukosea, utaishia kukata bati zima na kuunda jipya. Pia usidhani kipande cha ndege moja kitakaa kwenye nyingine bila kusumbua. Michoro ni ile ile, lakini viwanda vilikuwa vitatu na vita vilikuwa na haraka.

Sasa injini, mliyoingoja. B-17 ina injini 4 za Wright Cyclone R-1820, kila moja ina silinda 9 zilizopangwa kuzunguka kitovu, nguvu farasi 1,200. Ndege ikilala, oili hushuka kwenye silinda za chini, ikapita pembeni mwa pistoni, ikajaa juu yake. Oili haibanwi. Ukiwasha hivyo, pistoni inagonga ukuta wa oili, konrodi (mkono unaoishika pistoni) inapinda, na injini inaweza kupasuka dakika hiyo au ikakusubiri uwe angani. Ndiyo maana kabla ya kuwasha tunazungusha propela kwa mikono.

Watu huuliza kwa nini tunahesabu mapanga mengi ya propela hivyo. Kati ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na propela kuna gia za 16 kwa 9, yaani krenki ikizunguka mara 16 propela inazunguka 9. Ili kila silinda ipite hatua zake zote, krenki lazima izunguke mara 2 kamili, na hapo propela yenye mapanga 3 inakuwa imezunguka mara moja na kidogo. Ukipitisha mapanga matatu ukasema umemaliza, kuna silinda hujaipima. Sisi tunapitisha mapanga 9 au zaidi, kwa pole pole, tukisikiliza. Panga likigoma, acha. Usilazimishe, na kamwe usirudishe nyuma: ukirudisha nyuma unaweza kuisukuma oili hadi kwenye bomba la kuingizia hewa, inakaa humo, na injini ikiwaka inavutwa tena ndani. Dawa ni kutoa plagi za cheche za silinda za chini, oili ikamwagika kwenye ndoo. Inachosha, lakini injini yenye afya ni adimu kupatikana na bei yake inatisha. Na muda wote huo simama ukihesabu kwamba magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, iko hai. Waya wa kuizimia ukikatika, swichi inaweza kusoma "zima" huku cheche bado ipo.

Plagi ni 72 kwa ndege nzima, mbili kwa kila silinda. Kuzisafisha na kupima nafasi ya cheche ni kazi ya mgeni, na wageni wengi huiona ya kudharauliwa. Basi someni ripoti ya uchunguzi wa B-17 iliyoitwa Nine-O-Nine, iliyoanguka Windsor Locks, Connecticut, tarehe 2 Oktoba 2019, ikiwa na watu 13, wakafa 7. Wachunguzi walikuta plagi za injini namba 3 na namba 4 zikiwa chafu, nafasi za cheche zimepita kipimo. Kwenye namba 4, waya wa magneto ya kushoto ulikuwa umetoka mahali pake na magneto ile ikawa haifanyi kazi, ya kulia nayo ilitoa cheche dhaifu. Walitaja pia jinsi rubani alivyosimamia mwendo na usanidi wa ndege (kama magurudumu kuwa juu au chini) alipokuwa akirudi kutua, na rubani huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa matengenezo pia. Mimi huwa narudia jambo hilo la mwisho kwa wageni. Kazi yako isikaguliwe na wewe mwenyewe. Ita jicho la pili hata kwa plagi moja, na asikununie mtu akiitwa. Na plagi ikianguka sakafuni, tupa, hata ikionekana nzima.

Mambo ya umeme sitayachambua leo, ila ujue magurudumu na flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) za ndege hii huendeshwa na mota za umeme, na haidroli imebaki kwa breki na vifuniko vya kupoza injini. Ukitafuta mabomba ya haidroli kwenye magurudumu utatafuta hadi jioni.

Neno kuhusu wageni wanaotembelea hanga. Atakuja mtu ambaye babu yake aliruka vitani na ndege hii, na atakuja mwingine ambaye bibi yake alikuwa chini yalikoanguka mabomu yake. Wote wana haki ya kusimama pale. Usitanie mabomu mbele yao.

Mwisho, karatasi zako mwenyewe. Kama unatafuta leseni ya FAA kwa njia ya uzoefu bila chuo, wanataka miezi 18 ya kazi kwa upande mmoja, yaani mwili wa ndege au injini, au miezi 30 kwa pande zote mbili kwa pamoja. Wanataka ushahidi. Nunua daftari siku ya kwanza. Andika tarehe, kazi uliyofanya, sehemu ya ndege, mwongozo uliofuata, na umwombe fundi mwenye leseni aliyekusimamia aweke sahihi jioni ile ile, kabla hajapanda gari. Wazee wetu wa karakana ni wakarimu ila wanasahau, na wengine wana umri mkubwa kuliko wa kusubiriwa. Usiandike "nilisaidia injini". Andika "nilitoa plagi za chini silinda ya 4 hadi 6, injini namba 2, nikapima, nikarudisha kwa kipimo cha mwongozo". Ofisa atakayesoma daftari hilo hajawahi kukuona, na hatakupigia simu kukuuliza ulimaanisha nini.