Maswali ya Wasomaji: Istilahi za Pamoja na Taarifa za Wagonjwa Zinazosafiri

Barua nyingi tulizopokea zinahusu jambo moja: jinsi mifumo ya kompyuta ya hospitali, maabara na maduka ya dawa inavyoweza kupeana taarifa za wagonjwa bila maana kupotea njiani. Tumechagua maswali matano na kuyajibu hapa chini.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni ofisa wa kumbukumbu za wagonjwa. Hospitali yetu imeunganishwa kwa mtandao na hospitali ya rufaa, na mafaili yanafika bila shida. Hata hivyo, wenzetu wa upande wa pili hulazimika kuyasoma yote kwa macho na kuyaandika upya katika mfumo wao. Ikiwa kompyuta zimeshaunganishwa, kinachokosekana ni nini?

Jibu: Ndugu msomaji, kinachokosekana ni makubaliano juu ya maana. Kupelekeana taarifa kuna hatua mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni muundo, yaani kukubaliana kwamba jina la mgonjwa litakaa hapa, tarehe pale, na jibu la maabara mahali pengine. Kazi hiyo imeshughulikiwa kwa muda mrefu na shirika la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, ambalo kiwango chake cha siku hizi, FHIR, kinaainisha sehemu ya kuweka ugonjwa uliotambuliwa, dawa iliyoandikwa, kipimo kilichofanywa na kadhalika. Hatua ya pili ni kile kinachojazwa ndani ya sehemu hizo, na hapo ndipo mafaili yenu yanapokwama.

Zitazame herufi mbili tu, MS, ambazo madaktari wanaotumia vifupisho vya Kiingereza huziandika kila siku. Kwa daktari wa neva, zinataja ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kwa daktari wa moyo, zinataja kusinyaa kwa vali ya mitrali. Katika cheti cha dawa zimewahi kusomwa kama mofini salfeti na pia kama magnesiamu salfeti, dawa mbili ambazo hakuna mtu anayepaswa kupewa moja badala ya nyingine. Binadamu anayesoma faili zima atabahatisha maana kwa kuangalia mistari ya juu na ya chini, lakini kompyuta inayopokea herufi hizo peke yake haina pa kushika.

Ndiyo maana FHIR, pale panapohitajika istilahi, imetenga nafasi ya jina la mfumo wa istilahi uliotumika, msimbo wenyewe, na maneno ya kusomwa na binadamu. Mshtuko wa moyo ambao sehemu ya msuli wa moyo hufa, kwa mfano, una msimbo 22298006 katika SNOMED CT, mfumo mmojawapo wa istilahi za kitabibu, na msimbo huo haubadiliki hata kama daktari mmoja ameandika kwa Kiswahili, mwingine kwa Kifaransa, na wa tatu kwa kifupisho. Msimbo ukitumwa bila jina la mfumo ulikotoka, unabaki tarakimu zisizo na mwenyewe, kwa sababu tarakimu zilezile zinaweza kuwa na maana nyingine kabisa kwingineko.

Swali: Mhariri, tayari tunaandika misimbo ya ICD, orodha ya kimataifa ya magonjwa, kwa ajili ya takwimu na madai ya bima. Kwa nini sasa tunaambiwa tuongeze SNOMED CT na LOINC, ile ya vipimo? Je, huku si kutuzidishia kazi?

Jibu: Swali lako ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya mifumo hiyo. Tayari mwaka 1839 mwanatakwimu wa Uingereza, William Farr, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa ukipewa majina matatu au manne, na jina moja likitumika kwa magonjwa mengi, hata hesabu za vifo zikawa haziaminiki. Juhudi za kuondoa vurugu hiyo zilizaa orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, iliyotayarishwa na Jacques Bertillon na kupitishwa mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliichukua orodha hiyo lilipoanza kazi mwaka 1948, na likaendelea kuipitia: toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990, na la kumi na moja liliidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022.

Kwa hiyo ICD ilizaliwa ili kuhesabu, na sharti la kwanza la kuhesabu ni kwamba kila mgonjwa awekwe katika fungu moja tu, asije akahesabiwa mara mbili. Sharti hilo ni jema kwa takwimu, lakini lina gharama yake kitabibu. Katika ICD-10, kifua kikuu cha mapafu kimewekwa katika sura ya magonjwa ya kuambukiza, ilhali nimonia kwa sehemu kubwa imo katika sura ya magonjwa ya mfumo wa upumuaji. Mtu akiiagiza kompyuta imtafutie wagonjwa wote wa mapafu kwa kufuata sura ya upumuaji peke yake, wenye kifua kikuu hawatatokea, ingawa hakuna daktari atakayekana kwamba kifua kikuu cha mapafu ni ugonjwa wa mapafu.

SNOMED CT, iliyotokana na kuunganishwa mwaka 2002 kwa istilahi ya wanapatholojia wa Marekani na ile ya huduma ya afya ya Uingereza, haina sharti hilo. Ndani yake dhana moja inaweza kuwa na wazazi zaidi ya mmoja, hivyo kifua kikuu cha mapafu hupatikana chini ya magonjwa ya kuambukiza na chini ya magonjwa ya mapafu kwa wakati mmoja. Ina dhana zaidi ya 350,000, na lengo lake ni kuandika kile ambacho daktari amekiona kwa undani uleule aliouona. LOINC nayo imejikita zaidi katika vipimo na uchunguzi, kama nitakavyomweleza msomaji anayefuata.

Kuhusu kuzidishiwa kazi, wasiwasi wako ni wa kweli pale ambapo mtu mmoja anatakiwa kuandika misimbo ya aina mbili kwa mkono. Haipaswi kuwa hivyo. Taarifa ya kina ikishaandikwa mara moja wakati wa matibabu, msimbo wa takwimu unaweza kupendekezwa na kompyuta kutoka kwenye ile taarifa, kisha mtaalamu akauhakiki. Kinyume chake hakiwezekani: undani uliokwisha kuachwa katika fungu la “magonjwa mengine yasiyotajwa” haurudishwi na programu yoyote.

Swali: Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kipimo cha sukari ni kipimo cha sukari. Sielewi kwa nini LOINC ina misimbo mingi kwa ajili ya jambo moja.

Jibu: Ndugu mtaalamu, wewe mwenyewe unajua kuliko sisi kwamba si jambo moja. Sukari iliyopimwa katika damu nzima kwa kawaida huwa chini kidogo kuliko iliyopimwa katika plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe zake. Iliyopimwa mgonjwa akiwa amefunga haisomwi kama iliyopimwa baada ya chakula. Iliyo katika mkojo ina habari yake nyingine kabisa. Wewe uliyeshika sampuli unayajua hayo yote bila kuambiwa, lakini daktari aliye mbali anayeona neno “sukari” na namba mbele yake hajui hata moja.

LOINC, iliyoanzishwa mwaka 1994 katika taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis, huyaweka wazi mambo hayo kwa kukitambulisha kila kipimo kwa sehemu sita: kinachopimwa, sifa yake inayopimwa (kama vile uzito au idadi ya moli, kizio cha kuhesabia molekuli, katika ujazo), muda, sampuli ilikotoka, aina ya jibu, na njia ya kupima pale inapokuwa na umuhimu. Kwa hiyo 2345-7 ni glukosi katika seramu au plazima ikitolewa kwa uzito, na 14749-6 ni glukosi hiyohiyo, katika sampuli ya aina hiyohiyo, ikitolewa kwa moli. Tarakimu iliyo baada ya kistari ni ya uhakiki: hukokotolewa kutokana na zile zinazotangulia, hivyo anayeandika 2354-7 kwa kupitiwa anaweza kukamatwa na kompyuta papo hapo.

Tofauti kati ya uzito na moli ndiyo ambayo ningependa uitilie mkazo mbele ya wenzako. Milimoli 1 ya glukosi kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita. Mgonjwa aliyefunga na kukutwa na 7.0 kwa kizio cha kwanza ni yuleyule mwenye 126 kwa kizio cha pili, na hicho ndicho kiwango ambacho madaktari huanzia kuzungumzia kisukari. Sasa fikiria namba 7.0 imefika katika mfumo uliozoea miligramu, na kizio hakikuandikwa. Mfumo huo utamwonyesha mtu aliyeishiwa sukari kiasi cha kuhatarisha maisha, na anayehudumia zamu ya usiku anaweza kumpa glukosi mgonjwa ambaye tayari sukari yake imepanda. Jibu la maabara lisilo na kizio lisipokelewe, na mfumo unaokubali kulipokea urekebishwe kabla ya kuunganishwa na mwingine wowote. Kwa vizio nako kuna kanuni ya pamoja, UCUM, inayoviandika kwa namna ambayo kompyuta haiwezi kuvichanganya.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni daktari. Je, nitatakiwa kukariri tarakimu hizi? Na je, msimbo unaweza kweli kubeba yote ninayoandika kuhusu mgonjwa?

Jibu: Hutakiwi kukariri hata moja, Daktari. Katika mfumo uliotengenezwa vizuri, unaandika maneno uliyoyazoea, nao unakuletea dhana zinazolingana ili uchague. Tarakimu hubaki nyuma ya skrini.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Msimbo hutaja ugonjwa, lakini peke yake hausemi nani anao wala una uhakika gani. Unapoandika kwamba mama wa mgonjwa alipata mshtuko wa moyo, kwamba unaushuku kwa mgonjwa mwenyewe, au kwamba umeuchunguza na kuthibitisha kuwa haupo, 22298006 unaweza kuonekana katika sentensi zote tatu. Mfumo unaochota misimbo na kuacha muktadha utamgeuza mtu mzima wa afya kuwa mgonjwa wa moyo, na maneno hayo yatamfuata kila kliniki atakayoingia. FHIR inatenga mahali maalumu pa historia ya familia, na katika sehemu ya ugonjwa kuna nafasi ya kueleza kama jambo linashukiwa, limethibitishwa, limekanushwa au liliingizwa kwa makosa. Wanaokuletea mfumo mpya waulize nafasi hizo ziko wapi katika skrini yako.

Maelezo yako ya maandishi huru yabaki vilevile. Mashaka yako, namna mgonjwa alivyosimulia maumivu yake, na sababu za kuchagua dawa hii badala ya ile ni mambo ambayo msomaji anayefuata anayahitaji kwa maneno yako mwenyewe.

Swali: Ninaandika programu za hospitali, na tuna orodha yetu ya misimbo iliyokua kwa miaka mingi. Tuanzie wapi kuilinganisha na ya kimataifa?

Jibu: Anzeni na vipimo na magonjwa yanayojitokeza mara nyingi zaidi, kwa sababu sehemu ndogo ya orodha ndiyo hubeba rekodi nyingi. Kila mstari ulinganishwe na watu wawili, mmoja anayejua tiba au maabara na mwingine anayejua data, na uandikwe waziwazi kama maana mbili zinalingana kabisa, kama ya kwenu ni pana zaidi, au ni finyu zaidi. Pasipo na mlingano, semeni hakuna; msilazimishe.

Msifute msimbo wa zamani wala maneno aliyoyaandika mhudumu. FHIR inaruhusu misimbo kadhaa pamoja na maandishi ya asili kukaa katika sehemu moja, hivyo anayepokea anaweza kurudi kwenye chanzo akitilia shaka. Andikeni pia toleo la istilahi mlilotumia, maana istilahi hizi husasishwa mara kwa mara; katika SNOMED CT dhana iliyopitwa na wakati husitishwa lakini haifutwi, na rekodi ya zamani huendelea kusomeka. Nanyi msirudie kamwe kutumia msimbo wenu wa zamani kwa maana mpya.

Kuhusu gharama, LOINC hutolewa bila malipo kwa masharti yake ya leseni. SNOMED CT hutegemea kama nchi ni mwanachama, ingawa ipo sehemu yake ndogo, iliyokusudiwa kwa muhtasari wa mgonjwa, ambayo hutolewa bure kwa wote.

Kabla ya kuwasha mfumo kwa wagonjwa halisi, tengenezeni rekodi za majaribio zenye mitego: sukari bila kizio, ugonjwa uliokanushwa, mzio wa dawa ulioandikwa kwa maandishi tu. Zitumeni upande wa pili, kisha daktari wa huko awaeleze, bila kuona chanzo, ameelewa nini kuhusu kila mgonjwa.