Potwe keshatoka, kasa yu njiani

Barua zenu mhariri amenifikishia. Kwa ambao habari haijawafikia: kitabu changu cha potwe wa Mafia, yule papa mkubwa mno mwenye madoa, kimeingia madukani mwezi uliopita, na cha kasa, kobe wa baharini, wa kisiwa cha Juani kiko kwa mchoraji. Vyote ni vya watoto wa miaka 6 hadi 9. Nawajibu hapa baadhi yenu.

Bibi, potwe ni mkubwa hivyo, mbona hammezi mvuvi? (Mwanafunzi wa darasa la tatu, Tanga)

Mjukuu wangu, umeuliza la maana. Kinywa cha potwe ni kipana lakini koo lake ni jembamba. Meno anayo, mengi mno, ila ni madogo na hatafunii. Anachotafuta ni uduvi, huo huo unaoliwa nyumbani kwenu. Anapanua kinywa, maji yanaingia na kutokea kwenye matamvua, uduvi unabaki ndani. Pale Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi, wavuvi wa dagaa humwona karibu na nyavu zao, mrefu kama Coaster, wala hawamkimbii.

Kurasa 24 kwa shilingi 8,000! Kwa nini vitabu vya watoto ni ghali hivi? (Baba wa watoto wawili, Mbagala)

Ndugu yangu, naelewa uzito wa elfu nane. Ukurasa wa picha ya rangi hupita kwenye wino wa rangi nne, na kuandaa mashine ni gharama ile ile, uchapishe nakala mia tano au elfu kumi. Tukichapa chache, kila nakala inabeba mzigo mkubwa. Kurasa nazo huenda kwa nne nne, kwa sababu karatasi inakunjwa kisha inapigwa pini katikati.

Lakini kuna gharama nyingine ambayo sikubali ipunguzwe, nayo ni ya mchoraji kwenda kuona. Rasimu ya kwanza ilimwonyesha potwe mwenye mkia uliolala, kama wa nyangumi. Potwe ni samaki, mkia wake umesimama wima. Na kinywa chake kiko mbele kabisa ya kichwa, hakiko chini kama cha papa wengine. Tulikaa na mchoraji ufukweni Kilindoni, wazee wa mashua wakamchorea mchangani kwa kidole, yeye akifuatisha kwenye daftari. Madoa ya mgongoni pia tuliyatazama sana, maana kila potwe ana mpangilio wake, na watafiti huwatambua kwa picha za madoa hayo. Mtoto wa Mafia akifungua kitabu lazima amkute samaki anayemjua. Hilo nitaligharamia kila mara.

Wanangu wanaongea Kiswahili na bibi yao, ila shuleni wanasoma Kiarabu na Kiingereza. Wataweza kitabu chako? (Mama, Muscat)

Dada yangu, wataweza, na mwalimu unaye hapo hapo nyumbani. Mpe bibi kitabu kwanza. Nimeweka kiitikio kinachorudi kila baada ya kurasa mbili: "Potwe kapanua, uduvi kaingia!" Bibi aseme nusu ya kwanza, watoto waitikie ya pili, kama wanavyoitikia "Pakawa!" Wakishakishika kwa ulimi, waonyeshe kwa kidole kilipoandikwa. Mtoto aliyezoea herufi za Kiingereza anahitaji tu kuzoea irabu zetu tano, zisizobadilika sauti. Usiwasahihishe katikati ya hadithi, tafadhali. Waache wafike mwisho.

Nina hadithi ya watoto. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Isomee watoto kwa sauti kabla hujampa mtu mzima yeyote. Wakianza kuchezea vifungo vya shati, kata hapo. Ukiamua kuchapisha mwenyewe, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukitaka kitabu kitumike shuleni, kipeleke Taasisi ya Elimu Tanzania kitathminiwe kwa ajili ya ithibati. Andaa subira na fedha ya mhariri. Msomaji wa miaka saba anastahili uhariri wa makini kama wakili.

Kasa anatoka lini? Na je, vitoto vyote vinafika baharini? (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, michoro ikikamilika, kitatoka kabla ya muhula mpya. Hadithi inafuata mayai yaliyofukiwa mchangani Juani, yanayokaa takriban miezi miwili, hadi vitoto vinapochomoza na kukimbilia maji. Wapo walionishauri nimwondoe kaa anayemkamata mmoja njiani, wakihofia watoto watalia. Nimekataa. Watoto wa Juani wameliona jambo hilo kwa macho yao, na wa Kondoa hawana moyo dhaifu kuliko wao. Wakilia, wape nafasi walie, kisha mfungue ukurasa unaofuata: wenzake wako majini. Kaa yuko ukurasa wa 17, na hapo ndipo atakapobaki.